Darubini Aliyoniagiza Ami

Sisi tunaoishi ugenini tunajua kuwa safari ya nyumbani haianzi uwanja wa ndege. Inaanza na orodha. Shangazi anataka dawa ya kuchua magoti, mtoto wake anataka viatu vya mpira, na bibi anapaza sauti huko nyuma kwamba yeye hataki kitu, tuje salama tu, ila kama zile peremende za mnanaa bado zinauzwa, basi pakiti mbili.

Mwaka juzi orodha yangu ilikuwa na kitu ambacho sijapata kuagizwa maisha yangu. Ami yangu anayeishi Ibra alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mimi niletee darubini ya bunduki. Nzuri, ya usiku. Hosni wamenimaliza kuku."

Hosni ni mbweha, ndivyo Waarabu wa kule wanavyomwita. Wa Oman si mkubwa kama huyu wa Ulaya. Ni mwembamba, rangi ya mchanga, masikio makubwa, na usiku hutembea kama kivuli. Akiingia bandani hachukui kuku mmoja akaenda zake. Huua wote anaowafikia, halafu akaondoka na mmoja. Ami alikuwa amepoteza kuku kumi na wanne kwa usiku mmoja, na asubuhi akakuta manyoya mpaka kwenye mfereji wa falaji.

Niwaeleze kidogo habari za ami, ili mjue kwa nini sikuweza kumwambia "nitaangalia" kisha nikasahau, kama tunavyofanya na orodha nyingine. Ami ni mdogo wa baba yangu. Amezaliwa Pemba, akasoma skuli huko, na baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikatawanyika. Yeye alifika Oman 1972, wakati Sultani Qaboos alipokuwa akiwaita Waomani waliokuwa nje warudi wajenge nchi. Alifika hajui kusema Kiarabu sawasawa, akafanya kazi za kila aina, mwisho akapata kishamba chake nje ya mji wa Ibra, mitende, mbuzi na kuku. Mpaka leo akikasirika anakasirika kwa Kipemba. Baba yangu alipofariki, ami ndiye aliyenichukua. Na nilipopata nafasi ya kusoma Uingereza, aliuza gari lake ili nilipe mwaka wa kwanza. Mtu kama huyo akikuagiza darubini, unaitafuta.

Tabu ni kwamba mimi sijui bunduki. Nikamwendea jirani yangu, Mwingereza mstaafu. Tunaishi mji mdogo karibu na mashamba ya kondoo, na yeye kila masika, wakati kondoo wanazaa, huenda usiku na kurunzi kuwapiga mbweha kwa niaba ya mfugaji. Huko ni halali kwa masharti: bunduki ina cheti cha polisi, na mwenye shamba ametoa ruhusa. Nikamkuta jikoni kwake, akaniwekea chai, akaniletea darubini tatu juu ya meza kama mtu anayeonyesha mihogo sokoni.

Alichonifundisha jioni ile nitakieleza, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani darubini ni kuvuta vitu karibu tu.

Kila darubini ya bunduki ina namba. Ukiona 8x56, maana yake inakuza mara 8, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 56. Ukiona 3-9x40, inakuza kuanzia mara 3 mpaka mara 9, na kioo cha mbele ni milimita 40. Watu wengi hukimbilia namba ya kwanza. Usiku namba ya kwanza ikiwa kubwa sana inakuponza, kwa sababu ukikuza sana unaona sehemu ndogo tu, na mnyama akipiga hatua mbili umempoteza. Halafu kila ukikuza, picha inazidi kuwa na giza.

Kuna hesabu ndogo. Gawa upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya ukuzaji. Kwa 8x56 unapata 7. Hiyo ni milimita 7, upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Kijana akikaa gizani, mboni yake hufunguka mpaka kiasi hicho, basi mwanga wote unaingia. Ukichukua 3-9x40 ukaiweka kwenye 9, duara linakuwa milimita 4 na nukta, kwa hiyo picha ina giza zaidi. Ndiyo sababu wawindaji wa usiku hupenda vioo vikubwa vya 50 na 56, ingawa ni vizito na bei yake ni ya kukaa ukafikiri.

Kisha akanionyesha nyuzi za kulengea, ule msalaba unaouona ndani. Nyuzi nyembamba sana hupotea gizani juu ya manyoya ya mnyama. Za usiku ziwe nene pembeni na nyembamba katikati, au ziwe na kitone kidogo chekundu kinachowaka, lakini kisichowaka sana mpaka kikakupofusha. Akaniambia pia nafasi baina ya jicho na kioo cha nyuma iwe ya kutosha, kama upana wa kiganja, kwani bunduki hurudi nyuma ikipigwa, na wengi wametoka na alama ya duara kwenye nyusi. Na kurunzi, akasema, wengine huitia kioo chekundu kwa sababu mbweha hashtuki sana na mwanga huo kama anavyoshtuka na mweupe.

Nikaandika yote. Kisha akaniuliza, "Huyo ami yako ana miaka mingapi?"

Nikamwambia sabini na sita.

Akaisogeza pembeni ile darubini kubwa. "Basi hii usimnunulie. Jicho la mzee halifunguki tena milimita saba. Likifika tano ashukuru. Mwanga uliobaki utamwagika nje ya mboni, na atabeba uzito wa bure. Ile ya 3-9x40 akiiweka kwenye 8 inampa tano zake, inatosha." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Anaona vizuri lakini?"

Nikajibu bila kufikiri, "Anaona kama mwewe."

Hilo jibu limenikaa rohoni mpaka leo. Nilikuwa sijaonana na ami miaka mitatu. Niliyekuwa nikimsifia macho ni ami wa miaka mitatu nyuma, na labda wa utoto wangu, aliyekuwa akiniambia kutoka barazani ni gari la nani linalokuja kabla mimi sijaona hata vumbi.

Kabla hatujaagana jirani akanipa somo la mwisho, akanishika mkono kabisa ili nisisahau. Kurunzi ikipiga, utaona macho mawili yanawaka. Nyuma ya jicho la mbweha kuna utando kama kioo unaorudisha mwanga. Lakini mbwa anao, paka anao, mbuzi na ng'ombe wanao. "Macho si mnyama," alisema. "Usipoona mwili wote, na usipojua kilichoko nyuma yake, hakuna risasi."

Sikuinunua darubini. Kusema kweli, niliogopa forodha. Bunduki na vitu vyake kila nchi ina kanuni zake za kutoa na za kuingiza, na mtu hafiki na kitu kama hicho ndani ya sanduku baina ya peremende za bibi akatarajia kuchekewa. Ushauri wangu kwa vijana: ukiagizwa kitu cha namna hii, uliza nchi zote mbili kwanza, na kama hujapata jibu la maandishi, usibebe.

Nilifika Ibra mwezi wa Disemba. Ami akanipokea kwa kahawa, tende na halwa, akauliza habari za kila mtu, kisha akauliza, "Na mzigo wangu?" Nikamweleza. Akasema hapana neno. Lakini nilimwona ameshuka mabega.

Ijumaa ile akaniambia twende Nizwa. Soko la mifugo la Ijumaa huanza alfajiri, mbuzi wanazungushwa kwenye duara na wanunuzi wamekaa pande zote mbili, na si mbali na hapo wazee huuza na kununua bunduki za kale. Ami alibeba moyoni habari ya saktuni yake. Saktuni ndivyo ami anavyoiita ile bunduki ya zamani ya Kiingereza, Lee-Enfield. Ya ami aliachiwa na mjomba wake, imeandikishwa polisi, na hutoka siku za arusi na Idi kwa ajili ya razha, kisha hurudi majlisi. Alitaka kujua kama itakubali darubini.

Njiani niliendesha mimi. Akasema siku hizi hapendi kuendesha kabla jua halijatoka, "magari ya sasa yana taa kali, za kipumbavu." Nikacheka.

Nizwa mzee mmoja akamwambia darubini haikai juu ya saktuni hivihivi, lazima itafutiwe kishikio, na fundi wa kawaida ataitoboa chuma. "Utaitoboa bunduki ya mjomba wako kwa ajili ya kuku?" Ami hakujibu. Akachukua bunduki moja pale mezani, akaielekeza ukutani, akasema, "Hii shabaha yake imekufa, haionekani." Kijana aliyekuwa akiuza akaichukua, akatazama kwa jicho moja, akairudisha mezani taratibu. Hakusema kitu. Mimi nilimwona na bado sikuelewa.

Usiku wa Jumamosi mbwa wa jirani wakabweka. Ami akaja kunigonga, koti juu ya kanzu, saktuni mkononi. "Amka ushike kurunzi."

Nilimwambia, "Ami, hii si bunduki ya mbweha. Risasi yake inakwenda zaidi ya kilomita mbili." Nikamkumbusha pia kuwa Oman ina sheria ya hifadhi na wanyama pori tangu 2003, kwamba mambo ya kuua wanyama wa porini hayafanywi tena kienyeji, tungeuliza kwanza. Akanijibu kuwa sheria aulizwe hosni, yeye ndiye aliyeanza. Nikatoka naye. Mtu aliyeuza gari akusomeshe, utamwacha atoke peke yake?

Hapakuwa na mwezi. Tulisimama karibu na ukuta wa udongo, mimi nikapitisha mwanga polepole chini ya mitende. Na kweli, macho mawili yakawaka, ya kijani, hatua kama sitini kutoka tulipo.

"Huyo," ami akanong'ona. Nikasikia chuma kinapeleka risasi ndani.

Nikayatazama yale macho. Yalikuwa juu mno kutoka ardhini, na yameachana mno. Hayakwenda, hayakuinama, yalitutazama tu. Na nyuma yake, hatua kumi labda, nikaona mwanga mdogo wa rangi ya samawi. Ilinichukua nafasi ya pumzi moja kuujua. Ilikuwa simu. Mfanyakazi wa shamba, kijana wa Bangladesh, alikuwa amekaa nje ya chumba chake juu ya kitanda, anazungumza na mkewe.

Nikazima kurunzi.

"Washa!"

"Siwashi, ami. Ni mbuzi. Na nyuma yake yupo mtu."

"Mbuzi gani? Mimi nimemwona mkia."

"Ami, toa risasi kwanza. Nakuomba."

Sijapata kumwamrisha ami yangu kitu maisha yangu. Tulisimama gizani, namsikia anahema. Kisha nikasikia chuma kinarudi nyuma, na risasi ikaanguka kwenye changarawe. Niliitafuta kwa mkono nikaitia mfukoni.

Tulitembea mpaka pale. Alikuwa mbuzi wake mwenyewe, yule mwenye pembe moja, amekata kamba. Ami akampapasa shingo, akapapasa pembe, kama asiyeamini. Kijana wa Bangladesh akasimama, akatusalimu, akauliza kama kuna tatizo. Ami akamwambia hakuna, aendelee kuzungumza na watu wake. Kisha akaenda kukaa kwenye ukingo wa falaji, bunduki tupu juu ya magoti, na maji yanapita chini ya miguu yetu.

Baada ya muda mrefu akasema, "Tangu Ramadhani iliyopita taa zote zina manyoya."

"Manyoya vipi?"

"Zinachanua. Taa ya gari, taa ya msikiti, hii kurunzi yako. Na asubuhi kila kitu kama kina moshi. Nikafikiri darubini nzuri italeta karibu, basi nitaona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nimwambie nani? Watoto wataninyang'anya funguo za gari. Nikishaacha gari, nitawangoja wao wanipeleke sokoni kama furushi."

Wiki ile tukampeleka hospitali. Daktari alimwekea kidevu kwenye mashine, akammulika kila jicho, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma nikawaza kuwa hii ndiyo kurunzi na lenzi aliyokuwa akiihitaji. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu, na hakuna kioo cha nje, cha 40 wala cha 56, kinachoweza kuusafisha. Dawa yake ni kuitoa ile lenzi na kuweka ya bandia. Mara nyingi mgonjwa hafanywi kulala, hutiwa ganzi jichoni tu, na kazi yenyewe huwa haichukui hata nusu saa. Hufanywa jicho moja kwanza, kisha la pili baadaye. Ami aliogopa kuliko alivyoogopa chochote, lakini alikubali. Aliniambia sababu tukiwa wawili tu: kila akifumba macho anauona ule mwanga wa simu.

Kuhusu kuku, mimi na yule kijana tulijenga banda upya kwa siku tatu. Ule waya mwembamba wa kuku tuliutoa, kwani mbweha huung'ata na kuupanua. Tukaweka wavu wa chuma kilichounganishwa, tukauzika ardhini kiasi cha futi moja na kuukunja uelekee nje, ili anayechimba akutane nao. Juu tukaezeka pia, maana mbweha hupanda. Mlango tukautia komeo ya kuzungusha, na ikawa desturi kuufunga kabla ya Maghrib. Asubuhi ya pili tulikuta nyayo zimezunguka banda lote, na pahali pawili amejaribu kuchimba. Kuku wote walikuwapo. Tangu siku hiyo ami hajapoteza hata mmoja, na gharama yake yote haikufikia nusu ya darubini ile ya 56.

Nilirudi tena majira ya joto yaliyofuata, na safari hii nikaja na wanangu. Tukashuka wote mpaka Sur, na usiku tukaenda Ras al Jinz, ambako kasa hutoka baharini kutaga mayai na pahifadhiwa tangu 1996. Mwongozaji alituambia tuzime tochi na simu zote, mwanga unawapotosha kasa na vitoto vyao, akatangulia yeye na kataa kake kadogo. Tulipokuwa tumekaa mchangani kungoja, ami akanigusa bega.

"Yule pale," alisema. "Chini ya jabali."

Mimi sikuona kitu. Ikabidi nimfuate kidole chake muda mzima, ndipo nikamwona, mbweha, amesimama ananusa mchanga akitafuta mayai. Hatukuwa na kurunzi, ilikuwa mbalamwezi tu.

"Ana masikio makubwa," ami akasema. "Nilikuwa nimesahau." Kisha akawavuta wanangu karibu, akawaonyesha, na akaanza kuwahadithia habari za ngawa wa Pemba, aliyekuwa akiiba kuku wa mama yake, jinsi walivyokuwa wakimkesha na kibatari. Wanangu Kiswahili chao ni cha kuchechemea, lakini usiku ule sikusikia hata mmoja akiomba kutafsiriwa.

Wasomaji wenzangu, wazee wetu hawatatuambia kwenye simu kwamba hawaoni. Watatuagiza taa kali zaidi, simu yenye maandishi makubwa, miwani ya jua, darubini. Mimi niliuliza maswali mengi juu ya kioo, na sikumuuliza ami swali hata moja juu ya jicho. Siku hizi kila agizo likija, kabla sijaingia dukani, namuuliza mwenye kuagiza: umeanza lini kukihitaji?

Saktuni imerudi majlisi, na ile risasi niliikabidhi kwa ami asubuhi yake, akaifungia. Orodha ya mwaka huu imeshafika. Ami ameagiza kitu kimoja tu. Baada ya kutiwa zile lenzi mpya anaona mbali vizuri sana, lakini msahafu unampa tabu. Anataka miwani ya kusomea, namba mbili, na kikasha chake kiwe kigumu.